Kutoka Mtoni hadi Mvita: nikifuata chuo cha watoto wa sultani

Jumapili, Mtoni, Unguja

Safari ya Mombasa, Mvita kwa jina lake la zamani, nimeianzia kwenye magofu ya kasri la Mtoni, kaskazini ya Mji Mkongwe, kwa sababu nilitaka kusimama kwanza pale chuo chenyewe, madrasa ya watoto wa sultani, kilipokuwa. Hapa ndipo Sayyid Said bin Sultan alipoweka makao yake Unguja, na hapa ndipo alipozaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Kuta zilizobaki zimeliwa na chumvi ya bahari, mimea imeota kwenye nyufa, na mto uliolipa kasri jina bado unateremka hapo hapo ubavuni.

Mimi hufundisha historia sekondari, na wanafunzi wangu wakisikia "shule ya kifalme" huwaza viti vya dhahabu. Chuo cha Mtoni kilikuwa barazani, pahala pa wazi, na ndege wa bustani ya sultani, njiwa, kasuku na tausi, wakiingia na kutoka wapendavyo. Watoto wa mfalme walikaa chini, kwenye jamvi moja kubwa. Vifaa vilikuwa msahafu juu ya marufaa, kile kibao cha kuuwekea, kidau cha wino, kalamu, na mfupa wa bega la ngamia uliong'arishwa ukawa mweupe. Mfupa huo ndio uliokuwa ubao wao. Mwalimu, mwanamke aliyeagizwa kutoka Omani, alikuwa na bakora ya mwanzi, na hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili kabla ya kuitumia. Nyuma ya watoto wa sultani walikaa watoto wa watumwa waliochaguliwa kusoma pamoja nao.

Haya tunayajua kwa sababu Bibi Salme aliyaandika mwenyewe. Kumbukumbu zake zilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani, naye wakati huo akiitwa Emily Ruete. Anasema mtoto aliingia chuoni akiwa na miaka sita au saba. Wavulana walifundishwa kusoma na kuandika, wasichana kusoma tu. Hesabu iliishia 100 kwa maandishi na 1,000 kwa mdomo. Historia na jiografia hazikuwamo, sarufi haikuwamo, na maana ya aya haikuulizwa.

Wasichana kusoma tu. Sentensi hiyo ndiyo iliyonipakilisha mizigo. Bibi yangu mzaa mama alihitimu msahafu mara nyingi, akiusoma kwa sauti iliyowatuliza majirani, lakini siku ya kutia sahihi hati ya shamba lake alitumbukiza dole gumba kwenye wino. Hakuwa binti wa mfalme. Ilhali yeye na mabinti wa Mtoni walipita kwenye kanuni moja, na nimekuwa nikitaka kujua kanuni ile ilikwenda mbali kiasi gani pwani hii, na ilivunjwa na nani. Shangazi yangu anaishi Mombasa, mtaa wa Kuze, na jirani yake mmoja anasomesha watoto nyumbani kwake Kibokoni. Nimeona nianzie huko.

Jumatatu na Jumanne, njiani

Boti ya asubuhi hadi Dar es Salaam, basi hadi Tanga, nikalala. Kesho yake Horohoro, mihuri, upande wa pili Lunga Lunga, kisha barabara ya Ukunda hadi Likoni. Kwenye feri tulishuka tukavuka kwa miguu, abiria wa miguu hawalipi, na umati ule wa jioni ulinibeba mpaka ng'ambo bila mimi kujisukuma. Shangazi alikuwa amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nililala kabla ya kumaliza kusimulia habari za nyumbani.

Jumatano, Kibokoni

Baada ya alasiri shangazi alinipeleka kwa Bi Mwalimu. Watoto wote wa mtaa humwita hivyo, nami nitamwita hivyo hivyo. Nilimbusu mkono, nikasema masalkheri, akanivuta nikae naye kwenye mkeka.

"Karibu mwanangu. Wasema watoka Unguja kuja kuangalia chuo changu? Unguja hakuna vyuo?"

Nikamweleza habari za Mtoni. Alisikiliza huku mkono wake ukitembea juu ya kitabu cha mtoto aliyekuwa mbele yake, akimwonyesha kwa kijiti herufi ya kusoma. Sebule nzima ilikuwa ikivuma, kila mtoto na somo lake, wengine kwenye fataha na kisra, wengine juzuu amma. Mgeni angedhani ni zogo tu. Bi Mwalimu alikuwa akisikia kila kosa. Katikati ya maneno yangu aliinua kichwa akamwambia mvulana aliyekuwa pembeni kabisa, "Vuta hapo, hiyo ina madi," yaani alama ya kurefusha sauti, kisha akarudi kwangu.

Karibu yangu alikaa msichana wa miaka kama saba akiandika herufi ain kwenye ubao mweupe wa plastiki. Aliianza kutoka juu, akakunja kichwa chake kidogo, akateremsha tumbo kubwa, kisha akaona tumbo limepita mstari. Akalifuta kwa kidole, akabaki na kichwa peke yake. Akajaribu tena. Safari hii alishusha kalamu polepole mno hadi wino ukajikusanya mahali pamoja. Alikuwa ameziba pumzi. Alipomaliza aliugeuza ubao kwa Bi Mwalimu, naye akautazama, akasema "Mashaallah, tano nyingine," na mtoto akaanza upya bila kununa.

Nikauliza, je, wasichana wote hapa huandika?

"Wote, wake kwa waume. Lakini mimi mwenyewe sikuanza hivi. Mamangu alinisomesha Kurani nikahitimu, kalamu hakunipa. Zama zile watu wakisema, msichana akijua kuandika atawaandikia wanaume barua. Kalamu alinipa babangu. Alikuwa na duka, hesabu zikamshinda macho yalipoanza kufa. Akaniita akanambia, ndoo, andika nnavyokwambia."

Yaani, katika nyumba ile, kilichofungua mlango ni daftari la mikopo ya unga na mafuta ya taa. Nilimwambia kwamba Bibi Salme alijifunza kwa siri. Alizitazama herufi za msahafu, akaziiga moja moja kwenye mfupa wa ngamia, mpaka akaona anaweza. Kisha akamtafuta mtumwa mmoja aliyekuwa na elimu, akamwomba amsahihishe mwandiko. Habari zilipojulikana alilaumiwa sana, naye hakujali.

Bi Mwalimu aliacha kijiti. "Na babake akimfundisha nini basi?"

Hapo ndipo panaponikaba. Baada ya kuondoka Mtoni, akiwa bado msichana mdogo, Salme aliishi na kaka yake Majid, na huko alifundishwa kupanda farasi, kucheza upanga na kulenga shabaha kwa bunduki. Hakuna aliyeona ajabu. Binti wa sultani aliruhusiwa kushika upanga, akakatazwa kushika kalamu. Waliopanga hivyo walijua wanachokifanya. Upanga wa binti mmoja ndani ya kasri haumfikii mtu aliye nje ya ukuta, barua inamfikia.

Na ilimfikia. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856, Majid akatawala Unguja, na mwaka 1859 ndugu yao Barghash alipanga njama ya kumpindua. Salme, wa miaka kumi na tano hivi, alivutwa upande wa Barghash na dada yake Khole. Katika kundi lile yeye ndiye aliyejua kuandika, basi akawa katibu wao. Barua za siri, pamoja na zile za kuagiza bunduki na risasi, zilipita mkononi mwake. Njama ilivunjika, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay, na Salme akabaki na hasara ya kutoaminiwa na pande zote. Mimi sisifu njama ile, na yeye mwenyewe alikuja kuijutia. Ninachosema ni kwamba watu wazima wenye mali na wafuasi walimhitaji mtoto kwa sababu ya ujuzi ambao chuo cha nyumbani kwao kilikuwa kimemnyima kwa makusudi.

Adhana ya magharibi ikatukuta hapo. Watoto walikunja vitabu, wakampa Bi Mwalimu mkono mmoja mmoja, na sebule ikanyamaza kwa mara ya kwanza.

Alhamisi, Fort Jesus

Niliingia ngomeni asubuhi mapema, jua likiwa bado halijapanda. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na tangu 1962 ni makumbusho. Wageni wengi huja kutazama mizinga. Mimi nilikuja kwa ajili ya mtoto mmoja.

Yusuf bin Hassan alikuwa mwana wa sultani wa Mombasa. Baba yake, Hassan bin Ahmad, aligombana na kapteni wa Kireno wa ngome hii, akakimbilia bara, na huko akauawa kwa hila za Wareno wenyewe. Mtoto alikuwa mdogo bado. Wakamchukua Goa, koloni lao huko India, wakamkabidhi kwa mapadri wa Kiagostino, nao wakamlea na kumsomesha. Alibatizwa akaitwa Dom Jerónimo Chingulia. Alijifunza Kireno, dini yao, adabu za mezani mwao, na kazi ya mizinga kwenye merikebu zao. Alipokuwa mtu mzima walimrudisha Mombasa na kumkalisha kwenye kiti cha baba yake. Kwa hesabu yao walikuwa wamepata mfalme aliyeandaliwa kikamilifu.

Hiyo nayo ilikuwa shule ya watoto wa wafalme, na kwa elimu ilikuwa pana kuliko ya Mtoni. Hawakumnyima kalamu wala mzinga. Walimnyima kwao. Na aliporudi alikuta watu wake hawamwamini kwa sababu ya dini na mavazi, na kapteni wa Kireno anamdharau kwa sababu ya asili yake. Inasimuliwa kwamba alionekana akiomba kwenye kaburi la baba yake kwa desturi ya Kiislamu, na habari zikafika ngomeni. Agosti 1631, kabla hajakamatwa, aliingia humu na watu wake kama anayekuja kumzuru kapteni, akamchoma kisu. Wareno wa mjini, pamoja na waliobatizwa wasiotaka kurudi nyuma, waliuawa. Wareno walipotuma merikebu kuikomboa ngome, aliwashinda kwa mizinga yao wenyewe. Mwaka uliofuata aliibomoa kadiri alivyoweza, akaondoka kwa merikebu, akawa anawinda vyombo vyao baharini hadi kifo chake mwaka 1638.

Nilisimama langoni chini ya maandishi ya Kireno yaliyochongwa kwenye jiwe. Yanamtaja Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni mwaka 1635 akiwa na miaka 27, na kazi yake ya kuijenga upya ngome. Ninalisoma jiwe lile kama ripoti ya shule. Lingekuwa halipo kama malezi ya Goa yangefanya kazi iliyokusudiwa.

Kijana mmoja mwongozaji, mwenyeji wa Mji wa Kale, aliniona nimekaa sana pale akaja tukazungumza. Nikamuuliza Yusuf anamwonaje.

"Dada, wazee wetu wengine humwita shujaa," alisema, "lakini mimi huwafikiria wale waliouawa mjini. Walikuwamo wanawake na watoto. Mimi humwambia mgeni yote mawili, halafu namwachia."

Ni jibu zuri kuliko la vitabu vingi, nami nalichukua kwenda nalo darasani. Msiba wa watu wale ulianzia pale watu wazima walipomchukua yatima wakamsomesha kwa faida yao, wakidhani elimu ni pingu.

Ndani zaidi nilipita kwenye ukumbi wa mabaraza ya watawala wa Kiomani, wenye boriti zilizochongwa maandishi ya Kiarabu. Nikawaza ni wanawake wangapi wa nyumba zile walioweza kuyasoma na wasiweze kuyaiga. Ukoo wa Mazrui, wenye asili ya Omani, ulitawala Mombasa mpaka 1837, mwaka ambao Sayyid Said, baba yake Salme, aliitia mkononi. Tangu hapo Mtoni na Mvita zikawa chini ya bwana mmoja.

Mchana nilikula viazi karai kwa ukwaju nje ya ngome, nikarudi Kuze kwa miguu kupitia Ndia Kuu.

Ijumaa, Mji wa Kale na Tudor

Leo Bi Mwalimu hasomeshi, Ijumaa ni mapumziko ya chuo. Baada ya sala shangazi alinipitisha nje ya msikiti wa Mandhry, uliojengwa mwaka 1570, kisha tukaketi nyumbani kwake na rafiki zake watatu, kahawa chungu na kashata katikati. Nikawauliza ni nani waliwafungulia wasichana wa Mombasa mlango wa kalamu. Walitaja baba zao, waume zao, mama mmoja aliyeuza bangili ili alipe ada. Halafu mmoja akamtaja Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, na wote wakaitikia.

Nimekuwa nikimsomesha kama mwanamageuzi na mwandishi wa magazeti, Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932. Lakini nikimsikia akitajwa katika sebule ile, baada ya jana ngomeni, ndipo nilipokaza macho kwenye jina la ukoo wake. Huyu ni mtoto wa nyumba iliyowahi kuitawala Mombasa. Alizaliwa 1891, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki 1947. Akaanzisha madrasa ya Al-Ghazali kwa watoto wa watu wote, na akaandika kwa Kiswahili, tena kwa ukali, kwamba Waislamu wanaowanyima binti zao elimu wanajidhulumu wenyewe na dini haiko upande wao. Kwangu mimi hapo kanuni ya Mtoni ilipata mpinzani asiyeweza kuambiwa hajui dini.

Alasiri nikapanda tuktuk hadi Tudor, kwenye Chuo Kikuu cha Ufundi. Kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyopokea wanafunzi wake wa mwanzo mwaka 1951. Miongoni mwa waliochangia kuijenga ni Aga Khan, jamii ya Bohora, serikali ya kikoloni, na Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar, mtawala wa ukoo ule ule wa Sayyid Said. Fedha za kasri, ambazo zamani ziliagiza mwalimu mmoja kutoka Omani kwa ajili ya watoto wa ndani, hapa zilisomesha mafundi wa mitambo, umeme na ubaharia. Mwanzoni walikuwa Waislamu wa Afrika Mashariki. Leo nimeona wanafunzi wa kila kabila, wasichana wengi wakiwa na makoti ya maabara mkononi, wakigombania matatu ya kurudi mjini. Sikukaa sana. Nilichotaka kuona nimekiona langoni.

Jumamosi, Kibokoni tena

Bi Mwalimu aliniomba nije asubuhi niwasimulie watoto habari za Bibi Salme kabla sijaondoka. Wakaacha vitabu, wakasogea. Nikawaambia habari za tausi, mfupa wa ngamia, bakora. Wakacheka kwenye bakora, wakamtazama Bi Mwalimu. Nikawaambia alivyoiga herufi kwa siri, na kwamba mwaka 1866 aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, akaolewa na Mjerumani, akaishi ugenini hadi alipokufa mwaka 1924. Nikadhani watauliza kwa nini alibadili dini, maana watu wazima huanzia hapo. Nilikuwa nimejiandaa.

Yule msichana wa herufi ain akanyoosha kidole. "Na yule mtumwa aliyemsahihisha mwandiko, jina lake nani?"

Nikamwambia jina lake halikuandikwa.

"Lakini si yeye Salme alijua kuandika? Mbona hakuliandika?"

Mvulana mmoja mkubwa akadakia kwamba labda alimficha asiadhibiwe. Msichana akakataa. Kitabu kilitoka Salme akiwa mbali, mtu mzima, wa kuadhibiwa nani? Mwingine akasema pengine alimsahau. Mwingine akauliza wale watoto waliokaa nyuma ya jamvi, je, nao walipewa mifupa ya kuandikia? Bi Mwalimu aliwaacha wabishane. Mimi nimesoma kumbukumbu zile tangu nikiwa mwanafunzi, na siku zote nimekuwa nikimtazama binti wa mfalme aliyenyimwa kalamu. Mtu aliyekuwa na kalamu kabla yake, akampa, akiwa yeye mwenyewe ni mali ya nyumba ile, nilikuwa nikimpita kwa mstari mmoja. Aliyejihatarisha zaidi katika siri ile ni yeye. Salme alilaumiwa. Mtumwa angeweza kufanywa zaidi ya kulaumiwa.

Nikawaambia hivyo, kwa maneno hayo hayo. Msichana akatikisa kichwa kukubali, ila nilimwona bado hajaridhika, na ana haki.

Bi Mwalimu alinisindikiza hadi mlangoni. Ametaka nimwandikie habari zote hizi kwa Kiswahili chepesi, Mtoni na Goa pamoja, ili wakubwa wao wazisome kwa zamu Jumamosi. "Na mahali pa yule mwalimu wake," akasema, "usiruke. Weka aya yake peke yake." Basi langu laondoka kesho alfajiri, na aya hiyo nimeshaianza hapa barazani kwa shangazi.